Ilifutwa kwa mmoja, ikapotea kwa wote

"Mimi na mume wangu tunaendesha ofisi ndogo ya uwakala wa forodha Kurasini, tuko watu 6. Tangu mwaka 2021 tunalipia hifadhi ya mtandaoni, na kompyuta zote za ofisi zimeunganishwa kwenye folda moja yenye nyaraka za wateja, jumla kama gigabaiti 180. Wiki 6 zilizopita kijana wetu alifuta folda ya mwaka 2023 kwenye laptop yake ili apate nafasi, akiamini kwamba ipo kwenye wingu. Juzi mteja wetu ameulizwa na forodha kuhusu mzigo wa mwaka huo. Tumeitafuta folda, haipo kwa yeyote, wala kwenye kapu la taka. Tulidhani tunalipia bekapu. Je, wingu si salama, turudi kwenye diski? Na ni kweli kwamba sheria ya sasa inakataza kuweka taarifa za wateja kwenye seva za nje ya nchi? Stoo kuna kompyuta ya zamani ya mezani ambayo haijawashwa tangu pawa saplai yake ilipoungua mwezi Januari; fundi anasema anaweza kuitengeneza wiki hii, nasi tunafikiria kumpa kijana aitumie."

Pole sana, dada yangu. Nitaanza na sentensi yako ya mwisho, ambayo naona uliiandika kama jambo la pembeni, kwa sababu huenda ndiyo yenye folda mliyoipoteza. Mruhusuni fundi atengeneze kompyuta hiyo, lakini isiguse intaneti hata kwa dakika moja. Kabla ya kuiwasha, chomoeni waya wa mtandao na mzime ruta ya ofisi kabisa, kwa kuwa kompyuta iliyowahi kuunganishwa na Wi-Fi yenu hujiunga yenyewe bila kumwuliza mtu. Kompyuta hiyo ililala Januari, kabla folda haijafutwa, na yenyewe bado haina habari ya yaliyotokea. Ikiamka na kupata mtandao, kazi yake ya kwanza itakuwa kuiuliza seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni ya hifadhi, ni kipi kimebadilika tangu ilipolala. Itajibiwa kwamba folda ya mwaka 2023 imefutwa, nayo itaifuta kwa utiifu ule ule uliozifanya kompyuta nyingine kuifuta.

Ikishawaka bila mtandao, fungueni folda ya mwaka 2023 na mtazame alama iliyo pembeni ya kila faili. Alama ya wingu tupu maana yake ni kwamba lililopo hapo ni jina tu, na faili lenyewe lilikuwa likiletwa kutoka kwenye seva kila lilipohitajika. Hapo hamtapata kitu. Alama ya vema ya kijani, au faili linalofunguka likiwa halina mtandao wowote, maana yake ni kwamba mnalo. Nakilini folda nzima kwenye diski ya nje, kisha mnakili tena kwenye diski ya pili, halafu mtoe akaunti ya hifadhi kwenye kompyuta hiyo kabla ya kumkabidhi kijana.

Si ninyi wa kwanza kuokolewa na mashine iliyozimika. Mwezi Juni 2017, virusi vilivyoitwa NotPetya viliharibu kompyuta za Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake mnayaona bandarini kila siku, na ndani ya saa chache kampuni ilijikuta imepoteza nakala zote za seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao duniani kote. Seva hizo zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kila moja ilikuwa bekapu ya mwenzake, na zote ziliangamia pamoja. Moja tu ilibaki, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva hiyo haikuwa kwenye mtandao virusi vilipopita. Sisi tuliozoea kukatikiwa umeme tunaweza kutabasamu, lakini mtu asipange usalama wa ofisi yake kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Lipo na tundu la pili la kuponea, na hilo linaziba kadiri siku zinavyokwenda. Umesema ni wiki 6, yaani siku 42 hivi. Kama akaunti yenu ni ya Google ya kibiashara, ile yenye msimamizi, kitu kilichofutwa hukaa kwenye kapu la taka siku 30, kisha msimamizi huweza kukirejesha kwa siku 25 zaidi kupitia ukurasa wake wa usimamizi, hata kama kapu la mtumiaji linaonekana tupu. Jumla ni siku 55, nanyi bado mmo ndani. Kama ni OneDrive ya kibiashara, muda ni siku 93, pamoja na kapu la pili ambalo watumiaji wengi hawalijui. Aliyefungua akaunti yenu mwaka 2021 aingie leo, si wiki ijayo. Kama ni akaunti ya kawaida ya mtu binafsi, kapu la taka la siku 30 limeshajimwaga na tumaini ni dogo, ingawa kuwaandikia wahudumu wa kampuni hiyo hakugharimu kitu.

Laptop ya kijana nayo iwekeni pembeni bila kuendelea kuitumia. Ikiwa ndani yake kuna diski ya kuzunguka, ile ya kizamani, fundi wa kurejesha data anaweza kupata kilichofutwa ikiwa hakijaandikiwa juu. Ikiwa ni SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, kompyuta yenyewe huisafisha nafasi iliyoachwa wazi muda mfupi baada ya kufuta, na mtu atakayekuahidi muujiza hapo anataka pesa yako tu.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonigusa kuliko zote: "Tulidhani tunalipia bekapu." Wateja wengi niliokaa nao hapa mjini, kuanzia wenye maduka ya dawa hadi mawakili, wamewahi kuniambia maneno hayo, na sidhani kwamba ni uzembe wao, wauzaji wenyewe hawana haraka ya kueleza tofauti. Mnacholipia ni huduma ya kusinki, au usawazishaji kwa Kiswahili cha vitabuni. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kompyuta zote zinaona kitu kile kile kwa wakati ule ule. Ukibadilisha neno kwenye ankara, wenzako wanaona; ukiongeza hati ya mzigo, wanaipata; na ukifuta, kinafutika kwao pia, kwa kuwa kufuta nako ni badiliko kama mengine. Kijana wenu aliona kompyuta 6 zenye folda ile ile, akadhani kuna nakala 6, kumbe ofisi yenu ilikuwa na daftari moja tu lililofunguliwa mbele ya watu 6, na yeyote kati yao aliweza kuchana ukurasa. Msimgombeze kupita kiasi. Alichokosea ni kitufe, kwani programu nyingi za namna hii zina amri ya kuondoa faili kwenye kompyuta na kuliacha kwenye wingu, na amri hiyo si ile ya kufuta.

Bekapu ni kitu kingine. Ni nakala iliyokaa mbali na mikono ya watu wanaofanya kazi, na inayokumbuka siku zilizopita: inaweza kukuambia folda ilikuwaje Jumanne ya wiki iliyopita na ilikuwaje mwisho wa Machi, bila kujali mliifanya nini leo asubuhi. Kapu la taka na matoleo ya zamani ya faili vinasaidia kwa kosa lililogunduliwa mapema, lakini ofisi kama yenu haigundui mapema. Nani hufungua folda ya mwaka 2023 kila siku? Hufunguliwa siku forodha inapouliza, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa mamlaka ya kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nayo inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ukiweka miaka 5 mkabala na siku 30, utaona kwa nini kapu la taka halikuumbwa kwa ajili yenu. Isitoshe, risiti nyingi za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, kwa hiyo picha mliyoiskani ndiyo itakayobaki ikisomeka.

Je, wingu si salama? La hasha, na ningesikitika mkilihama. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara waliokuwa na madaftari, kompyuta na flashi ndani ya maduka yao walipoteza bidhaa na hesabu kwa pamoja. Kwa moto, mafuriko na wizi, diski iliyokaa kwenye droo ya ofisi ile ile ni sehemu ya hasara tu. Lakini miezi minne kabla ya moto huo, tarehe 10 Machi 2021, uliungua moto mwingine huko Strasbourg, Ufaransa, kwenye kituo cha seva cha kampuni ya OVH, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bekapu zao zilikuwa kwenye kituo hicho hicho. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, ndani ya jengo, chini ya paa. Hutunzwa vizuri kuliko zako, lakini nazo zina anwani.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ilienezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: kuwa na nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 kati yake iwe mbali. Kwa ofisi yenu ningeitafsiri hivi. Folda mnayoitumia kila siku ibaki pale ilipo. Hiyo ni nakala ya kwanza. Nunueni diski za nje mbili za terabaiti 1, na mzinunue duka linalotoa risiti na waranti, kwa sababu zipo diski na flashi za bandia zinazojitangaza kuwa kubwa huku ndani zina nafasi ndogo mno, na zikijaa huandika vipya juu ya vya zamani bila kusema neno. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kununua flashi ya barabarani. Kila Ijumaa diski moja ifanyiwe bekapu kwa programu inayotunza historia, si kwa kuburuta folda kwa mkono, kisha ichomolewe na kwenda nyumbani kwenu, na ile iliyokuwa nyumbani irudi Jumatatu. Neno la muhimu hapo ni kuchomolewa. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, na nimeona ofisi yenye bekapu nzuri kabisa iliyofungwa pamoja na vyote vingine kwa sababu diski haikuwahi kutoka kwenye kompyuta tangu inunuliwe.

Nakala ya tatu ndiyo ya wingu, lakini iwe huduma ya bekapu hasa, yenye akaunti na nywila tofauti na ile ya folda ya kila siku, na ambayo wafanyakazi hawaioni kabisa. Mnaponunua, mwulizeni muuzaji jambo moja: mfanyakazi akifuta kitu leo, nitaweza kukirejesha baada ya miezi mingapi? Akianza kuzungumzia ukubwa wa nafasi badala ya kujibu, tafuteni mwingine.

Msishangae mwanzo ukiwa wa polepole. Gigabaiti 180 kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde zitachukua kama saa 80, yaani siku 3 na zaidi, bila kukatika. Watu wengi hukata tamaa hapo na kudhani mfumo ni mbovu. Baada ya mzigo huo wa kwanza hupanda mabadiliko tu, na usiku mmoja hutosha. Msitumie bando la simu kwa kazi hii. Subirini mtandao wa ofisi usiohesabu matumizi. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali wingu peke yake: siku mtakapohitaji kushusha vyote, mtasubiri saa nyingi vilevile, na kama siku yenyewe itakuwa kama tarehe 12 Mei 2024, wakati nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikayumba, diski iliyo nyumbani ndiyo itakayofungua ofisi asubuhi.

Kuhusu sheria, mliyoambiwa ni nusu ya ukweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikatazi kabisa kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Inaweka masharti kuhusu ulinzi uliopo zinakopelekwa, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakala za vitambulisho vya NIDA, pasipoti na namba za simu za wateja wenu ni taarifa binafsi. Mimi ni mtu wa kompyuta, si mwanasheria, kwa hiyo kwa hili nendeni kwa wakili au mwulize Tume yenyewe mkiwa na jina la huduma na nchi zilipo seva zake. Upande wangu nasema hivi: diski inayosafiri kwenye daladala kati ya Kurasini na nyumbani ifungwe kwa nywila. Windows za daraja la Pro zina BitLocker kwa kazi hiyo, na ufunguo wake wa kurejesha uandikwe kwenye karatasi inayokaa mahali pengine. Diski ikiibiwa, mwizi apate chuma tu.

Kama mna programu ya uhasibu, isiishi ndani ya folda inayosinkiwa. Faili lake huandikwa muda wote programu ikiwa wazi, na likinakiliwa katikati ya kuandikwa hupatikana nakala nusu nusu ambayo haitafunguka. Tally, kwa mfano, ina amri yake ya bekapu. Itumieni, kisha kile inachokitoa ndicho kiingie kwenye diski na kwenye wingu.

Jambo jingine limeziangusha ofisi nyingi kuliko virusi, nalo ni jina la mwenye akaunti. Naomba uangalie akaunti ya mwaka 2021 ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani na namba ya simu ya nani. Mara nyingi ni ya kijana aliyeondoka zamani, na ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwenye laini ambayo haitumiki tena, au ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Malipo nayo hukatwa kwenye kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu, na siku ya kulipia ikikuta pochi haina salio, huduma huanza kutoa maonyo kwa barua pepe isiyosomwa na mtu. Akaunti iwe ya kampuni, wewe na mumeo muwe wasimamizi wawili, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwa simu zenu.

Mwiteni mtu afike ofisini, badala ya kuendelea na maelekezo yangu, ikiwa ile kompyuta ya stoo itawaka na kuanza kutoa mlio wa kugonga, ikiwa itaomba kukagua diski kabla ya kuingia, au ikiwa mtakuta mafaili yenye majina ya ajabu na ujumbe wa kudai pesa. Katika hali ya kwanza, zimeni mara moja, kwani kila dakika diski inapozunguka ikiwa na tatizo huongeza uharibifu. Fundi wa pawa saplai si lazima awe fundi wa data. Mwulizeni waziwazi kama amewahi kurejesha data, na mkatae kabisa akipendekeza kupiga Windows upya "ili iwe nyepesi" kabla folda haijanakiliwa. Najua ofa hiyo hutolewa kwa moyo mwema, na mara nyingi bila malipo.

Baada ya kufunga mfumo mpya, msiamini neno "imefanikiwa" linaloandikwa kila usiku. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga bekapu kwenye duka moja la dawa, na kwa miezi 8 ilikuwa ikiniletea ujumbe wa kijani kila alfajiri. Siku kompyuta ilipokufa nilifungua nakala kwa kujiamini, nikakuta mafaili 41, kila moja na uzito wa kilobaiti 2. Nilikuwa nimechagua folda ya mezani, ambako palikuwa na njia za mkato tu. Mafaili yenyewe yalikuwa kwenye sehemu nyingine ya diski. Mwenye duka aliniangalia bila kusema kitu, nami sijamaliza kumwomba radhi hadi leo. Kwa hiyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, chukueni laptop isiyo ya ofisi, chagueni mteja mmoja wa miaka ya nyuma bila kupanga, mfungue TANSAD yake, yaani tamko lake la forodha, ankara yake na hati yake ya mzigo kutoka kwenye diski, kisha kutoka kwenye bekapu ya wingu, na muandike tarehe kwenye daftari. Kwa mwezi wa kwanza, anzeni na mteja yule aliyeulizwa na forodha juzi.